Wavu Kwenye Mlango wa Maji

Kuna siku moja naikumbuka kila mvua inapoanza kunguruma upande wa Bengamisa, mwanangu, na wewe unaijua siku hiyo, ila unaijua kama kichekesho. Ni ile siku niliyokuiba. Kila arusi, kila Idi, mkishashiba lituma, zile ndizi za kuponda, mnaanza: "Mama mudogo, tuambie vile uliiba Kasimu kwenye mvua." Nami nasimulia, mnacheka mpaka machozi yanawatoka. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anacheka kuliko wote, anajipiga magoti na kusema mdogo wangu huyu ni mwizi wa watoto. Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nanyi. Leo sitaki mtu acheke. Kaa hapa, weka simu yako mfukoni, nikupe ile sehemu ambayo sijawahi kukusimulia.

Nimekuita kwa sababu ya kitu nilichokiona jana. Nilikuwa natoka bondeni kumwona binti yako Salima na kichanga chake. Nikasema nipite juu ya digi, lile tuta letu la udongo, maana magoti yangu hayapendi tena matope ya kule chini. Nafika pembeni, pale kwenye mlango wa maji, nini naona? Wavu. Wavu wa waya, mpya, umefungwa vizuri sana huku na huku, na chini yake mifuko ya mchanga imepangwa. Kulikuwa na mama mmoja anafua nguo. Nikamuuliza, "Nani ameweka hii?" Akanijibu, "Si Papa Kasimu mwenyewe? Samaki yake ilikuwa inakimbia." Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Yule mama akadhani nimepandwa na presha. Bon, labda ilikuwa imepanda kweli.

Najua kwa nini umeuweka, usinieleze. Unataka bwawa lijae, samaki wanenepe mpaka siku Salima atakapotoka arobaini, ulishe watu washibe. Ni mjukuu wako wa kwanza. Hata mimi siku hiyo nataka kula mpaka nishindwe kusimama. Hakuna anayemlaumu mtu kwa kumpenda mjukuu wake. Lakini nisikilize, na usinikatize kama ulivyozoea.

Wewe ulizaliwa ukaikuta digi ipo, ndiyo maana unaiona kama kilima tu. Haikuwapo. Sisi tulipokuwa wadogo lile bonde lilitutesa. Mvua ikipiga kule juu, maji yote ya barabarani na ya mashambani yanateremka kwenye kile kijito kwa mara moja, hayapigi hodi. Unaamka unakuta sufuria zinaelea, mikeka imelowa, kuku wamekufa kwenye kona. Mama yetu alikuwa anaweka unga na Msahafu juu ya kabati, mvua au jua, mwaka mzima. Ndipo Tonton Ramazani, ndugu ya baba yetu, alipowasimamisha watu wa mtaa. Zilikuwa enzi za salongo, zile kazi za lazima za pamoja, na kila mtu alikuwa fundi wa kutoroka salongo. Ile hakutoroka mtu, kwa sababu wote tulikuwa tumechoka kulala na matope. Wanaume walichimba udongo mwekundu kilimani, wanawake wakaubeba kwenye mabeseni, ukamwagwa kidogo kidogo, kisha tukaukanyaga kwa miguu huku tunaimba. Tonton anapita nyuma yetu: "Hapa bado. Mama, kanyaga tena hapa, usinionee haya." Nilikuwa kasichana kembamba, lakini nilikanyaga na mimi.

Chini ya tuta walipitisha bomba la kutoa maji polepole. Pembeni, mahali ambapo ardhi ni ngumu, wakachonga mfereji mpana wa mawe, ndio huo tunaouita mlango wa maji. Kazi ya mlango ule ni moja: maji yakizidi yapite pale, yasipite juu ya udongo. Mvua kubwa ikija, bwawa linameza furiko lote, halafu linalitema taratibu, nasi wa chini tunalala. Samaki walikuja baadaye. Tonton alitia tilapia kwa sababu maji yalikuwapo, basi. Lakini miezi ya mvua hakukubali bwawa lijae hata kidogo. Aliacha nafasi ya mkono mzima kutoka kwenye maji hadi ukingoni. Watu wakamcheka, wakasema mzee huyu ana bwawa lakini anawanyima samaki maji. Yeye akawajibu, "Ile fasi haiko ya samaki. Iko ya mvua. Mvua ni mugeni, muiachie fasi ya kulala."

Na kila mvua ikikatika, anavua viatu. Anatembea juu ya digi peku, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kichwa chini, utadhani amepoteza pete. Alikuwa anasikiliza kwa nyayo: wapi pamelainika, wapi pana ubaridi, wapi kaa wametoboa. Hakutaka mgomba juu ya digi yake, wala mchikichi, wala mpapai. Nyasi fupi tu. Siku moja mama yetu alichimba kashimo kwenye ubavu wa digi ili aloweke mihogo ya mkate wake wa chikwange, maana maji yako karibu. Tonton aliitoa mihogo yote, akaja kuimwaga mlangoni kwetu, inachuruzika na inanuka, akachukua jembe akarudi kuziba shimo. Mama hakumsemesha mpaka Ramadhani. "Ule mutu ameoa digi," alikuwa anasema. "Bibi yake njo wa pili."

Sasa shida ilianzia kwenye uzuri wenyewe wa digi. Kabla yake hakuna mtu mwenye akili timamu aliyejenga kule chini kabisa. Digi ilipotutuliza, watu wakaanza kuteremka. Kwanza bustani za mboga, halafu jiko, halafu nyumba. Baba yako, mume wa yaya Mwajuma, dada yangu mkubwa, alijenga palepale, kwenye udongo mzuri wa bonde, mahali tulipokuwa tukitegea ngolo, yaani kambare, wakati wa mafuriko. Mwajuma akaniambia, "Mudogo yangu, huku hata kisima haichimbwe ndefu." Akazaa hapo, akalala hapo na kichanga chake, mlango umefungwa, mbabula ya makaa inawaka, akisubiri arobaini yake iishe. Kichanga hicho ndicho wewe.

Mjomba wako Saidi, kaka yetu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Arusi yake ilikuwa inakaribia, na mkwe mtarajiwa alikuwa na mdomo, anatangaza kila mahali kwamba tutaona kama hawa watu wa bondeni wana kitu cha kuwapa wageni. Saidi akaapa kwamba wageni watakula samaki mpaka wapeleke nyumbani. Alors, Tonton Ramazani akaitwa Bengamisa kwenye matanga ya rafiki yake, akamwachia Saidi bwawa. Barabara ikaharibika, mzee akakwama huko. Mvua ndogo zikaanza, maji yakawa yanatoka kidogo kwenye ule mlango, na samaki nao wanatoka. Saidi alisimama pale akiona arusi yake inaogelea kwenda zake. Akapasua mianzi, akasuka uzio wa kubana, samaki hata wa kidole asipite, akauziba nao mlango wa maji. Chini akapanga mabonge ya udongo ili bwawa lijae zaidi. Watu wakamsifu. Bwawa likawa pana, zuri, samaki wanaruka jioni mpaka unasikia kutoka barazani kwetu.

Hakuna aliyejiuliza maji yakizidi yatapita wapi. Tulikuwa tunaangalia samaki.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya Adhuhuri. Nilikuwa kwetu, kule juu kwenye mteremko, naanua mihogo, mbingu imekuwa nyeusi ghafla. Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Nikiwa nimesimama mlangoni nikamwona Tonton anapita, begi lake kichwani, amelowa chapachapa. Ameshuka kwenye lori la Bengamisa muda huohuo. Hakuingia kwake kubadili nguo, hakutusalimu. Alikuwa anaelekea kwenye digi, anatembea kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mzee. Nikatupa beseni nikamfuata.

Tukamkuta Saidi ndani ya maji mpaka kiunoni, ameukumbatia ule uzio wake usichukuliwe. Wenyewe huwezi tena kuuona. Majani yote ya sokoni yamekuja kujibandika juu yake, yale majani ya kufungia chikwange, na nyasi, na maganda ya ndizi, umekuwa ukuta. Maji hayana pa kutokea. Bwawa limepanda mpaka kwenye mdomo wa digi, na katikati, mahali ambapo tuta lilikuwa limebonyea kidogo kwa kukanyagwa na wapita njia, maji yameshaanza kupita juu. Machache tu. Ya kunawa mikono. Mimi nilipoyaona sikushtuka sana, nilidhani hayo si kitu. Nilishtuka nilipomwangalia Tonton usoni.

"Saidi, toka pale."

"Tonton, samaki itaisha yote! Arusi iko karibu!"

"Nani iko chini?"

Saidi akazidi kuubana uzio.

"Nakuuliza, Saidi. Nani iko chini ya digi hii?"

"Yaya Mwajuma," akasema. "Na mutoto."

"Bon. Sasa chagula mbele yangu, mi nisikie. Samaki ao mutoto. Sema na kinywa yako mwenyewe."

Hakupiga kelele, mwanangu. Alisema taratibu, mvua inampiga usoni. Saidi alianza kulia, mwanaume mzima, bwana arusi. Akauachia uzio. Tonton akatoa panga kwenye begi lake, akanigeukia mimi. "Zaina, kimbia. Toa batu yote ya chini. Na usirudi kuniambia bamekataa."

Nilikimbia huku napiga mayowe. Nyumba za kwanza walitoka, wengine na matusi, wengine na magodoro kichwani, lakini walitoka. Nikafika kwa Mwajuma. Mlango umefungwa. Nikagonga, nikagonga, akafungua kaufa kadogo tu, jicho moja.

"Yaya, tutoke! Maji iko inapanda kwenye digi, Tonton amesema batu yote batoke!"

"Aka! Nitoke niende wapi? Arobaini haijaisha."

"Wacha arobaini! Digi itapasuka!"

"Kila mvua munasema digi, digi. Ingia ndani ao ufunge mulango, mutoto atashikwa na baridi. Mama mukwe akisikia nimetembea kwenye mvua na kichanga, atasema nini? Unataka banirudishe kwetu?"

Usimcheke mama yako. Alifundishwa hivyo, nasi sote tulifundishwa hivyo, mzazi hatoki, upepo usimpige, mtoto asionwe. Ni desturi nzuri, na mimi ninaishika. Lakini nilisimama pale ndani, kuna joto, kuna harufu ya uzazi na mkaa, kumetulia kabisa, na wewe umelala kitandani, vidole vimekunjwa. Na ule utulivu ndio ulionitisha. Nikasikia kule juu kama mtu anaburuta gunia zito chini. Nikakumbuka neno la Tonton: usirudi kuniambia bamekataa.

Basi nikakuchukua. Sikuomba ruhusa. Nikakufunika na kikwembe changu, nikakubana kifuani, nikampiga dada yangu bega akapisha, nikatoka. Na hapo ndipo hadithi yenu ya kucheka inapoanzia. "Mwizi! Zaina ameiba mutoto yangu! Mwiziii!" Mwajuma nyuma yangu, miguu peku, kichwa wazi, mwiko mkononi, anapanda mlima kwenye matope, na mwiko aliurusha kweli, ulinipata hapa mgongoni. Watu wamesimama juu kule wanatazama, wengine wameshaanza kucheka. Mimi nilikuwa nalia. Nilikuwa nasema Ya Rabi, Ya Rabi, asiteleze mguu wangu. Kichwa chako kilikuwa kinagonga kwenye kidevu changu. Kamlima kale unakajua, ni kafupi. Siku ile hakakuwa na mwisho.

Nilipofika juu nikageuka. Tonton na Saidi walikuwa wanakata uzio, mmoja kwa panga, mwingine kwa mikono. Ukakatika. Wallahi, ule mlango ulinguruma! Maji yakaingia kwenye mawe kwa nguvu, majani, mianzi, na samaki, samaki wa kila saizi, weupe weupe, wanapita wanapita. Na kule katikati ya digi yale maji ya kunawa yakapungua, yakakatika. Furiko likapita bondeni, likapanda, likafika kwenye kizingiti cha Mwajuma, likasimama hapo. Halikuingia hata ndani.

Na mvua nayo, kwa ubishi wake, ikaacha. Jua likatoka. Mtaa mzima ukashuka na mabeseni kuokota samaki kwenye mitaro, watu wanaitana, watoto wanapiga kelele za furaha. Saidi amekaa juu ya jiwe, ametazama chini. Na sisi tukawa vichekesho vya Mangobo, mtaa wetu wote. Digi haikupasuka. Nyumba haikulowa. Mzazi amekimbizwa kwenye matope kichwa wazi kwa sababu ya hofu ya mzee mmoja na kiherehere cha msichana. Mama mkwe wa Mwajuma akaja kunisema mbele ya watu, na wewe ukashikwa na kikohozi, na dada yangu hakunipa tena kukubeba mpaka arobaini ikaisha. Arusi ya Saidi tulipika madesu na pondu, maharage na kisamvu tu. Yule mkwe mwenye mdomo alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili, na hakunyamaza.

Sasa ndio sehemu usiyoijua.

Asubuhi iliyofuata Tonton alikuja kuniita. Mimi peke yangu. Akanipeleka nyuma ya digi, upande wa bondeni, ule ambao mtu akipita juu hauoni kwa sababu ya nyasi. Akapanua nyasi. Mwanangu, digi ilikuwa imeliwa. Yale maji machache yaliyopita juu, ya kunawa mikono, yalikuwa yanaanguka nyuma na kula udongo, kutoka chini kuja juu, kimyakimya. Kulikuwa na shimo nikiingia linanifika kifuani. Kati ya shimo lile na bwawa lote kilichobaki ni kipande cha udongo, upana wake haukuzidi kitanda cha mtoto. Tonton akanishika mkono akaubandika pale. Palikuwa panatoa jasho la baridi.

Akaniambia, "Ingengojea kidogo tu. Vile mutu anakula sahani moja ya bukari." Nikamwangalia. Mzee yule aliyekuwa haogopi askari wala mamba, alikuwa anageuza uso nisimwone. Akakaa kwenye nyasi, nikakaa naye, tukalia wote wawili bila aibu.

Nikataka kukimbia kumwonyesha Mwajuma, nimwambie njoo uone, njoo uone mwizi wako alikuibia nini. Tonton akakataa. "Acha. Iko inanyonyesha, woga inakausha maziwa. Na hatalala tena mule nyumba, na hana ingine. Mi nitatengeneza digi. Wacha bacheke. Lakini weye umeona na macho yako, umegusa na mukono. Siku mutu atafunga tena ule mulango, mi nitakuwa kwa kaburi. Weye njo utasema." Akatengeneza. Aliita salongo, watu wakanung'unika, wakakanyaga udongo mpya huku wananitania mimi mwizi. Hakuna aliyejua walikuwa wanaziba nini. Miaka ikapita, kicheko kikakaa mahali pa ile hofu, na mimi nikakiacha kikae, kwa sababu mama yako alikuwa anacheka vizuri sana.

Lakini hofu haikuondoka kwangu, Kasimu. Mnaniona siku za mvua siendi kulala, nazunguka zunguka nyumbani, nafungua dirisha nafunga dirisha, mnasema ni uzee. Si uzee. Nasikiliza kama lile gunia linaburutwa tena.

Na sasa ni mbaya kuliko wakati ule. Kule chini zamani ilikuwa nyumba ya mama yako na chache zingine, leo ni mtaa mzima, wengi wamekuja kutoka Maniema na Kivu, hawajui hata kwamba juu yao kuna maji. Kule juu miti imekwisha, maji yanateremka mbio. Zamani yaliziba majani, ambayo angalau yanaoza, leo ni mifuko ya plastiki na chupa, na wavu wako wa waya utazikamata zote hata moja isipite. Jana nimeona migomba juu ya digi. Nimeona kule chini kabisa, miguuni pake, watu wa matofali wamechimba udongo, wameacha shimo. Nilivua viatu vyangu, mimi mzee mzima, nikatembea. Katikati pamebonyea palepale, kwa sababu ya pikipiki.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu, na wewe mwingine yeyote unayenisikia uliye na maji yaliyofungwa juu ya vichwa vya wenzako. Bwawa la udongo halikuwekwa pale kwa ajili ya samaki. Liliwekwa ili watu walale, na samaki ni wapangaji tu. Mlango wa maji uwe wazi mchana na usiku, kiangazi na masika, na anayetaka kuzuia samaki wake azuie mahali pengine, avue mapema, au akubali wengine waende. Uiachie mvua nafasi yake. Ng'oa ile migomba ingali midogo, mizizi isifike ndani. Uwafukuze wa matofali, na kama hawasikii nipeleke mimi, nina mdomo. Pale palipobonyea pajazwe udongo ukanyagwe na miguu ya watu, msimwage tu na koleo mkaenda zenu. Mvua ikikatika vua viatu utembee, na ukiona maji yanatoka nyuma ya digi yakiwa na rangi ya udongo, usirudi nyumbani kufikiri, watoe watu kwanza. Na ukiwatoa, na digi isipasuke, watakucheka. Wacha wacheke. Anayekucheka kesho yake ni mtu aliye hai.

Usinijibu bado. Jana, nilipotoka kwenye digi, nilirudi kwa Salima. Magoti haya haya. Nikamwambia, mama, njoo ukae kwangu siku chache, mlete kichanga, huku juu ni pakavu. Unajua alinijibu nini? Alinicheka, mimi bibi yake. Akasema, "Aka, Koko! Arobaini haijaisha." Sauti ni ya mama yako, Kasimu. Nyumba ni ile ile, mbabula inawaka, mlango umefungwa, na mtoto amelala kitandani vidole vimekunjwa. Nilisimama pale nikamtazama yule mtoto nikajaribu kujiona ninambeba, ninapanda naye kile kilima kwenye matope. Siwezi. Ningeanguka naye kabla ya mwembe wa jirani. Safari ile kulikuwa na mwizi. Safari hii mwizi amezeeka.

Kwa hiyo, panga liko pale nyuma ya mlango, nimelinoa mwenyewe. Angalia upande wa Bengamisa, mbingu imeshafunga. Inuka, baba, ukate ule wavu. Samaki watakaobaki watatosha, na wasipotosha tutapika madesu, tunajua kuyapika.

Nenda, na Mungu aitangulie mikono yako. Akujalie udongo mgumu chini ya nyayo zako na mlango ulio wazi kando yako. Akuzeeshe mpaka mjukuu wako akukimbize na mwiko. Na mvua ya leo, inshallah, ipite ikaenda zake mtoni, isimkute mtu njiani.